Upande wa Abiria

Jumamosi ile mtaa wa vitambaa ulikuwa umejaa mpaka paka angekosa pa kupita. Wenye maduka walikuwa wametoa majora yao nje, wauza viatu wakiitana kwa sauti, na katikati ya msukosuko huo binti mmoja, fundi wa mapazia, alikuwa akitoka dukani na jora la kitambaa cha rangi ya maziwa begani. Alivaa gauni la njano lenye kola nyeupe, la kujishonea mwenyewe, na viatu vya chini, maana kazi yake ilikuwa ya kupanda ngazi. Alipojikunja kumpisha mwenye toroli, jora likamponyoka. Likaanguka, likajikunjua, likatambaa barabarani hadi mbele ya gari dogo jeupe lililokuwa likija kwa kusitasita, lenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa.

"Breki," sauti ya mwanamume ilisikika ndani ya gari. "Breki, mama. Breki. Hiyo ni klachi."

Gari likasimama, gurudumu la mbele likiwa katikati ya kitambaa.

Mwalimu wa udereva alishuka. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama. Alikitazama kitambaa, kisha akamtazama mwenye kitambaa, na huko akakawia.

"Samahani sana, dada yangu. Mwanafunzi wangu leo ndiyo mara yake ya kwanza kuingia mjini."

"Na kitambaa changu leo ndiyo mara yake ya kwanza kukanyagwa."

"Nitakulipa."

"Doa nitalifua. Usijisumbue."

"Basi niambie nifanye nini, maana siwezi kuondoka hivihivi."

Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Mama wa makamo aliyekuwa kwenye usukani akatoa kichwa dirishani. "Malizaneni, wanangu. Mguu umeniganda hapa."

Binti akacheka, na katika kucheka huko akasema jambo ambalo hakuwa amelipanga. "Nifundishe kuendesha."

Ndivyo walivyojuana. Mjini watu walimwita mwalimu yule Breki, kwa neno alilolisema kuliko mengine yote. Yeye alianza kumwita binti Bi Mapazia, na haikupita muda jina likakatika, akabaki Pazia tu.

Siku zile simu za mkononi zilikuwa za wenye nazo. Fundi alipigiwa kwenye simu ya dukani alikofanya kazi, chombo kizito cheusi kilichokaa karibu na mkasi mkubwa. Mwenye duka, mama mnene aliyependa mambo ya watu, alikuwa akiipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Mwanangu, njoo. Gari lako limepaki kwenye simu."

Naye angekuja akijifuta nyuzi mikononi, akijitia hana haraka.

"Haloo."

"Pazia."

"Mwalimu."

"Kesho saa kumi nakupitia. Vaa viatu vyenye kisigino kidogo."

"Vya nini? Kuendesha?"

"Hapana. Kuendesha utavua. Ni vya kunifurahisha mimi."

"Wanafunzi wako wote unawapangia viatu?"

"Mwingine ana miaka sitini. Nikimpangia mumewe atanitafuta."

Walijifunzia kwenye uwanja mtupu nyuma ya maghala, mahali penye lami iliyopasuka na majani yaliyochomoza katikati ya nyufa. Alimfundisha kuachia klachi taratibu, kutazama kioo kabla ya kugeuza shingo, kurudi nyuma kati ya madebe mawili. Upande wake wa abiria ulikuwa na pedali zake mwenyewe, na kila alipozikanyaga binti alimkodolea macho. "Nilikuwa naiona," angesema. "Najua uliiona," naye angejibu. "Nimeupasha mguu moto tu." Baada ya somo walinunua mahindi ya kuchoma, wakala wameketi juu ya boneti, na harufu ya sabuni ya shati lake ilichanganyika na ya moshi kiasi kwamba hata leo fundi akipita penye mahindi ya kuchoma moyo humruka kidogo.

Lakini kulikuwa na jambo hakumwambia.

Tangu akiwa darasa la tatu Bi Mapazia alikuwa na kisukari, kile cha aina ya kwanza, ambacho mwili huacha kabisa kutengeneza insulini na mtu huishi kwa sindano kila siku ya maisha yake. Alikumbuka sufuria ndogo ambayo haikupikiwa kitu kingine, mama yake akichemshia ndani yake bomba la sindano la kioo asubuhi na jioni. Alikumbuka kichupa cha dawa kilichokaa ndani ya mtungi wa maji ili kisipate joto, na ndugu zake walivyokatazwa hata kuusogelea. Kipimo cha damu hawakuwa nacho. Mama alichemsha mkojo wa binti na dawa ya bluu, na rangi ilipobaki bluu, ishara kwamba sukari haijazidi, aliimba jikoni. Ilipogeuka kuwa ya matofali, alinyamaza.

Sasa mtoto yule alikuwa mwanamke mwenye kazi yake. Mjomba aliyefanya kazi ng'ambo alimletea mashine ndogo ya kupimia, ila vijiti vyake vilikuwa adimu, hivyo alivitumia kwa kubana na kuuamini mwili wake. Aliijua dalili ya sukari kushuka: jasho baridi shingoni, midomo kufa ganzi, na hasira isiyo na mwenyewe. Alikuwa ameishi hivyo muda mrefu, na ameishi vizuri. Ila mchumba wake wa kwanza alimkuta akijichoma, akaondoka wiki ileile. Shangazi zake mchumba yule walisema hawawezi kuoa mtu wa kuuguza.

"Mwambie huyu," mama yake alimsihi wakikunja nguo. "Kama ni wa kukimbia, akimbie sasa."

"Nitamwambia, mama."

"Lini?"

"Nikishajua kurudi nyuma na gari."

Mama hakucheka.

Alikwishajua kurudi nyuma, na bado hakuwa amesema. Ikaja siku ya kutundika mapazia ya ukumbi wa hoteli. Alipanda na kushuka ngazi tangu asubuhi, amejichoma dozi yake kama kawaida, na mchana ulipofika msimamizi akamharakisha, akaruka chakula. Honi ya Breki ilipolia nje, alitoka akijisemea atakula baadaye.

Walikuwa barabara kuu gari lilipoanza kuhama njia polepole.

"Rudi kushoto, Pazia."

Hakujibu.

"Pazia. Kushoto."

"Usinifundishe kazi," alisema, kwa sauti ambayo Breki hakuwahi kuisikia. "Kila siku wewe. Wewe na mdomo wako."

Gari liliendelea kuhama, lori likija mbele yao. Breki alikanyaga pedali zake, akakamata usukani, na gari likapanda ukingo wa barabara likazima. Binti akafungua mlango akakaa chini kwenye kokoto. Uso ulimlowa, macho yanamtazama mtu yasimuone.

"Amelewa huyo," alisema mpita njia. "Mchana wote huu."

"Umekunywa nini?" Breki alichuchumaa mbele yake. "Niambie tu, sitagomba."

Binti akapapasa mkoba wake, mikono ikakataa kushika, mkoba ukapinduka. Kitana, leso, chupa ndogo, na sindano. Breki aliitazama sindano, akawaza mambo mabaya, na binti alimuona akiyawaza.

"Soda," alisema kwa shida. "Tamu. Nipe."

Breki aliikimbilia kibandani. Binti akainywa kwa pupa, nyingine ikimwagikia gauni. Baada ya muda kidogo dunia ikamrudia, mwanzo sauti za magari, kisha uso wa Breki, kisha aibu. Ndipo alipomweleza yote, wakiwa wamekaa kokoto zile, mbele ya mpita njia ambaye bado hakuwa ameona sababu ya kuondoka.

Breki hakukimbia. Ingekuwa rahisi kama angekimbia. Badala yake aligeuka mlinzi.

Simu ya dukani haikupoa tena. Asubuhi: "Umepima?" Kabla ya chakula: "Unakula nini? Kiasi gani?" Jioni: "Mbona sauti yako nzito? Kaa chini." Viatu vya kisigino hakuvitaja tena. Alimwendea mwenye duka kwa siri, akamwomba asimpandishe binti ngazi. Mwenye duka, aliyezoea kutabasamu, akamuuliza fundi wake, "Mwanangu, huyu ni mchumba au daktari wa zamu?"

Siku ya mtihani wa leseni binti alikwenda kituoni amevaa gauni jipya la bluu. Alikuwa amekula, amepima, ana juisi mkobani. Askari wa usalama barabarani akamwambia kwamba mwalimu wake alikuja juzi kuliondoa jina lake.

Breki alikuwa nje, ameegemea gari.

"Umeniondoa."

"Nimeahirisha tu."

"Bila kuniuliza."

"Wewe hukujiona siku ile, Pazia. Mimi nilikuona. Lile lori lilikuwa hapa." Alinyoosha kiganja mbele ya pua yake.

"Nilikosea. Nilishinda bila kula, na nilikuficha. Nimekuomba radhi kwa yote mawili. Lakini nimeishi na kitu hiki tangu ninavaa sare za shule, na sijaishi kwa bahati."

"Nakupenda. Siwezi kukaa nikitazama tu."

"Nilitaka mchumba. Nesi ninaye kliniki, na hata yeye hanipigii simu kutwa mara tatu."

Yalimchoma. Akasema neno lililokuwa karibu na ulimi. "Basi tafuta mtu asiyejali."

Alikuwa akimaanisha kwamba yeye hawezi kuacha kujali. Binti alisikia kwamba amefukuzwa. Akageuka akaenda zake kwa miguu, gauni la bluu likimpiga magotini, na yule mwanamume hakumfuata, kwa kuwa aliuona mgongo ule akadhani umekwisha kuamua. Jumamosi iliyofuata binti alikaa karibu na simu akijitia anapiga pindo. Haikuita. Mwenye duka aliuinua mkono wa simu mara mbili, kuhakikisha unasikika.

Miaka ikapita, kama inavyopita mtu akiwa na kazi. Alipata mwalimu mwingine, mzee mwenye kofia ya sufu, na siku ya kwanza kabla hajafunga mkanda akamwambia, "Nina kisukari cha tangu utotoni. Nitakuwa napima kabla sijagusa ufunguo, na nikijihisi vibaya nitasimama pembeni."

"Vizuri," mzee alijibu. "Na mimi nina presha. Tuanze."

Alifaulu. Akafungua duka lake, akanunua gari kuukuu la mizigo lenye nafasi ya ngazi na fimbo za mapazia. Vijiti vya kupimia vikaanza kupatikana, akapima zaidi na kukisia kidogo. Mlangoni mwa gari aliweka biskuti na juisi. Wachumba walikuja, mmoja wao mtu mzuri kabisa, lakini kila aliposikia mtu barabarani akipaza sauti "breki", shingo ilimgeuka yenyewe, na mtu mzuri yule siku moja alimuuliza anamtafuta nani.

Kisha akapigiwa simu na mama mmoja aliyetaka mapazia ya sebule. Alikwenda mchana mmoja wenye jua. Nyumba ilikuwa ndogo, sakafu imesuguliwa, na mwenyewe, kikongwe mwenye kitambaa cheupe kichwani, alimkaribisha kama aliyemngojea siku nyingi. Fundi alichomoa futi yake, akalisogelea dirisha, akasita. Mapazia yaliyokuwapo yalikuwa mapya. Yalishonwa vizuri hata.

"Mama, haya yana kasoro gani?"

"Hayana kasoro. Wewe pima tu, mwanangu."

Alipogeuka akaona picha ya kijana mrefu juu ya kabati, ameshika baiskeli, shati limenyooka kwa pasi. Futi ikajivuta ikarudi ndani ya kisanduku chake kwa kishindo.

"Yeye hana habari," mama alisema. "Namba yako nimeisoma kwenye gari lako mwenyewe, lile analoligeukia kila likipita. Nimechoka kumuona mtu anakula huku anatazama ukuta. Kaa, chakula kinaiva. Ukitaka kuondoka baada ya kula, sitakushika."

Angeweza kukataa. Lakini saa ya kula ilikuwa imefika, na harufu ya wali ilikuwa nzuri. Akaketi, akatoa mashine yake mezani bila kujificha, akajitoboa kidole. Alikuwa akingoja namba wakati mlango ulipofunguliwa.

Breki alikuwa na mvi pembeni mwa kichwa. Alimtazama mama yake, akamtazama mgeni, akaelewa, akavuta kiti akakaa. Mama akakumbuka ghafla kitu jikoni.

Mashine ikalia. Fundi aliisoma namba, akahesabu kichwani, akaandaa sindano, akajichoma tumboni kupitia tundu dogo la gauni alilojishonea kwa kazi hiyo. Muda wote huo Breki aliitazama meza. Alikuwa ameuma meno mpaka taya limetuna. Mikono yake aliificha chini. Fundi alipomaliza, Breki alimmiminia maji kwenye glasi, akaisogeza kwake, basi.

"Hukuuliza," fundi alisema.

"Nimejifunza. Si kazi rahisi."

"Umejifunzia wapi?"

"Kliniki. Wana darasa la ndugu wa wagonjwa, Alhamisi. Nilikwenda miezi kadhaa. Waliniuliza nina mgonjwa gani, nikasema nina ndugu."

"Ndugu gani?"

"Wewe." Akaisugua meza kwa kidole. "Siku moja nesi akaniuliza, huyo ndugu yako mwenyewe anataka asaidiwe vipi? Darasa zima likanitazama. Nilikuwa nimekuuliza maswali yote, Pazia, isipokuwa hilo."

Miaka ilikuwa imepita bila mtu kumwita hivyo. Alikunywa maji kwanza.

"Mbona hukuja?"

"Nilikuona unapita na gari lako. Unabadilisha gia vizuri kuliko mimi. Nikasema, huyu ananihitaji kwa lipi sasa?"

"Kukuhitaji sikukuhitaji, Breki. Nilikukumbuka. Nilikukumbuka sana."

Jikoni vyombo vilikuwa vimenyamaza.

"Niulize basi," fundi alisema. "Hilo swali la nesi."

Akainua macho. "Unataka nikusaidie vipi?"

"Ukiniona natoka jasho bila sababu, au nakujibu ovyo, niulize mara moja. Nikikwambia niko sawa, niamini. Nikishindwa kusema, nipe kitu kitamu, kaa karibu, usinipigie kelele. Sindano ni zangu. Ngazi ni yangu. Gari ni langu."

"Na wewe?"

"Na mimi sitakuficha tena. Hata siku ninayoona aibu."

"Nitakosea," alisema Breki. "Siku nyingine nitauliza mara mbili."

"Siku hiyo nitagomba."

"Gomba tu. Nimekaa miaka bila mtu wa kunigomba."

Walikula wali wote. Baadaye fundi alipima tena, akamuonyesha namba bila kuombwa, wakatoka. Ndani ya gari lake hakukuwa na pedali za ziada, na Breki alikaa upande wa abiria magoti yamebana fimbo za mapazia, hajui aweke wapi miguu. Alimpeleka mpaka mlangoni pa shule yake ya udereva. Akazima injini. Mwalimu hakushuka.

"Umefika," fundi alisema.

"Naona." Akakohoa. "Pazia, nikikuomba nikae upande huu maisha yangu yote, utanikubalia? Uendeshe wewe. Mimi nitashika ramani."

"Ramani hujui kuisoma."

"Nitajifunza Alhamisi."

Alicheka mpaka akaegemea usukani, na alipoinua kichwa macho yalikuwa yamelowa. Alimjibu ndiyo. Wanafunzi wawili waliokuwa wakimngoja mwalimu wao nje wanasema alishuka garini akiwa amesahau mlango wa upande gani ni wake.

Wakaoana. Daktari aliwatisha kuhusu kupata mtoto, wakasikiliza, wakapima usiku na mchana, wakampata binti mmoja mzima wa afya mwenye miguu mirefu ya baba. Breki aliuliza mara mbili siku nyingi tu, na aligombwa kama ilivyokubaliwa. Kulikuwa na miaka migumu, jicho moja la fundi lilihitaji matibabu, na dawa siku nyingine ziliadimika wakazitafuta mji mzima. Siku hizi fundi ana kidude kidogo kilichonata mkononi kinachosoma sukari chenyewe, na huwa anakitazama akiwaza mama yake angekionaje, yule aliyeimba kwa ajili ya rangi ya bluu.

Mama mkwe alikwishatangulia mbele ya haki. Jumapili moja, wakitoka kumtembelea binti yao, walipita mtaa ule na fundi akasimamisha gari ng'ambo ya nyumba ndogo. Watu wengine wanaishi pale sasa. Ukuta umepakwa rangi ya kijani, na barazani mtu ameanika shuka.

"Unakumbuka ule wali wake wa siku ile?" Breki aliuliza.

"Ulikuwa na chumvi kupita kiasi."

"Hee. Mbona hukusema miaka yote hii?"

"Niliumaliza, sikuumaliza?"

"Uliumaliza. Mimi pia. Nilikuwa naona tabu hata kumeza."

"Na yeye alijua umezidi chumvi. Aliniambia baadaye. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango anasikiliza, akatia mara mbili."

Breki alicheka kimya kimya, mabega yakitikisika, kisha akajifuta macho kwa mkono wa shati. Fundi alimwekea mkono gotini. Walikaa hapo mpaka mwanamke mmoja akatoka barazani kuanua shuka lake na kuwatazama kwa mashaka, ndipo fundi akampungia mkono, akawasha gari, wakaenda zao nyumbani.